Mazoezi ya viungo kwa simu ya video baada ya kutoka hospitali: pa kuanzia

Mgonjwa anaruhusiwa, anapewa dawa na karatasi zake, kisha anaambiwa: "Mazoezi tutaendelea kwa simu." Hapo ndipo maswali yanapoanza, na ni yale yale kila mara. Simu niiweke wapi? Maumivu kiasi gani ni ya kawaida? Nikianguka je, na mtaalamu yuko mbali? Haya ni majibu kwa wewe unayeanza, uwe ndiye mgonjwa au ndiye unayemuuguza.

Shika jambo moja kabla ya yote. Mtaalamu wa fiziotherapia aliye kwenye simu anakuona na kukusikia, ila hana mkono wa kukudaka. Kule wodini ukiyumba yeye ndiye aliyekushika kiunoni. Nyumbani kazi hiyo inabaki kwa ukuta, kiti na mtu aliyesimama kando yako. Karibu kila onyo utakalokutana nalo hapa chini linatokana na hilo.

Kuhusu lile swali la "hivi inasaidia kweli?": kwa wagonjwa wengi, ndiyo. Kule Quebec, Kanada, wagonjwa 205 waliobadilishiwa goti waligawanywa makundi mawili, wengine wakafanya mazoezi kwa video na wengine wakatembelewa nyumbani na mtaalamu. Matokeo yaliyotoka mwaka 2015 yalionyesha kuwa kundi la video halikuachwa nyuma. Kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko umbali ni ile tabia ya kulala ukingoja upate nguvu ndipo uanze. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2007, wazee wenye afya njema walikaa kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa.

Wasiopaswa kuanza kwa simu

Omba kwanza kuonwa ana kwa ana ikiwa mgonjwa hawezi kusimama hata akisaidiwa na mtu mmoja, ameanguka tangu atoke hospitali, anahema akiwa amekaa tu, presha yake inapanda na kushuka bila mpangilio, au amechanganyikiwa na hakuna mtu wa kukaa naye wakati wa kikao. Haina maana kwamba mazoezi ya simu hayatamfaa kamwe. Wengi wa hao huonwa ana kwa ana mara moja au mbili, kisha wakahamia kwenye simu vizuri tu.

Andaa hivi kabla ya siku ya kwanza

- Simu yenye kamera, tableti au kompyuta. Simu ya kawaida inatosha, mradi ina kitu cha kuiegemeza isianguke katikati ya zoezi. Rundo la vitabu na kopo zito vinafanya kazi hiyo bila shida.
- Chaji kamili na bando la kutosha. Video hula data kuliko simu ya sauti, kwa hiyo piga simu ya majaribio ya dakika 10 na ndugu yeyote, uone salio limeshuka kiasi gani.
- Kiti kigumu kisicho na magurudumu, chenye egemeo na ikiwezekana mikono, kimo chake cha kukalia kama sentimita 45. Kochi laini linalomeza mtu halifai.
- Viatu vinavyoshika mguu, vyenye soli isiyoteleza. Ndala na soksi tupu ndizo zinazoangusha watu.
- Nguo inayoacha wazi sehemu inayotibiwa. Kama ni goti, kaptura. Mtaalamu hawezi kuona uvimbe kupitia suruali.
- Kipima presha cha mkononi, na kwa wagonjwa wa mapafu au moyo, kipima oksijeni cha kidoleni.
- Taulo mbili, mto mmoja, daftari na kalamu.
- Fimbo, magongo au fremu ya kutembelea kama ulipewa.
- Simu ya pili, hata kama ni ya batani. Ya kwanza ikizima, mtaalamu apate pa kupiga.

Huhitaji vifaa vya mazoezi. Uzito wa mwili wako na kiti hicho vinatosha kwa wiki nyingi za mwanzo, na mimi hushauri watu wasinunue chochote hadi mtaalamu aseme.

Hatua kwa hatua

1. Toka hospitali na majibu manne.

Usipoyapata, piga simu wodini uyaulize, kwa sababu bila hayo mtaalamu wa mazoezi atakuwa anabahatisha. La kwanza: mguu uliopasuliwa au kuvunjika unaruhusiwa kubeba uzito kiasi gani, wote, nusu, au usiguse chini kabisa? La pili: ni miondoko gani imekatazwa, na hadi lini? La tatu: presha, mapigo ya moyo na oksijeni visipite au visishuke chini ya namba gani? Ziandikwe, maana kiwango cha mgonjwa mmoja si cha mwingine. La nne: ni dawa zipi kati ya anazotumia zinazoweza kuingilia mazoezi? Dawa za presha zinaweza kuleta kizunguzungu akisimama, insulini inaweza kushusha sukari katikati ya zoezi, na dawa za kuzuia damu kuganda hufanya hata kuanguka kidogo kuwe jambo la kupiga simu.

Piga picha karatasi ya kuruhusiwa, kurasa zote, umtumie mtaalamu kabla ya kikao cha kwanza.

2. Tengeneza uwanja.

Chagua sehemu yenye ukuta upande mmoja na nafasi ya mita 2 kwa 3 hivi. Ondoa zulia dogo, waya wa chaja, viatu na meza ndogo za pembe kali. Kausha sakafu. Kiti kiegemezwe ukutani kisirudi nyuma mgonjwa anapokaa. Watoto na wanyama wawe chumba kingine. Mtoto akimkimbilia babu mguuni wakati babu amesimama kwa mguu mmoja, simu haitasaidia kitu.

3. Weka simu mahali pake.

Hapa ndipo wanaoanza hupoteza nusu ya kikao, kwa hiyo pamalize siku moja kabla.

Simu ilale ubavu ili picha iwe pana. Iwe umbali wa mita 2 hadi 3, kimo cha kiuno cha mtu aliyesimama. Ukisimama mbele yake, uonekane kuanzia utosini hadi vidole vya miguu. Kama miguu inakatwa na picha, rudisha simu nyuma badala ya kuinamisha kamera. Mwanga utoke upande wa simu ukimulika uso wako. Dirisha likiwa nyuma yako, mtaalamu ataona kivuli cheusi kinachopunga mikono.

Kwa mazoezi ya goti, nyonga na kusimama kutoka kitini, geuza kiti ubavu kwa kamera. Pembe ya goti huonekana kwa ubavu. Kwa kutembea na kusawazisha mwili, kaa uso kwa uso na kamera, kwa sababu kupinda kiuno upande mmoja huonekana kwa mbele. Ukishapata mahali, bandika vipande viwili vya gundi ya karatasi sakafuni, kimoja penye kiti na kimoja penye simu, usianze kutafuta upya kila mara.

Ukiwa mita tatu sauti huwa ndogo. Pandisha spika hadi mwisho, au tumia visikizio visivyo na waya. Vya waya havifai, vitakunasa. Na mkubaliane ishara ya mkono: mtaalamu akiinua kiganja mbele ya kamera, unaacha zoezi papo hapo hata kama hujasikia alichosema.

4. Mfundishe msaidizi kusimama.

Msaidizi husimama upande ulio dhaifu, nyuma kidogo, miguu yake imeachana, mguu mmoja mbele. Mkono mmoja unashika mkanda imara uliofungwa kiunoni mwa mgonjwa juu ya nguo, mwingine uko tayari mbele ya bega bila kulishika. Asimvute kwa mkono wala kwapa. Kwa aliyepata kiharusi hili lina uzito wa pekee: bega la upande uliopooza halina misuli ya kulishikilia, na mvuto mmoja unaweza kulitegua au kuliachia maumivu ya miezi.

Akianza kuanguka, msaidizi asijaribu kumbeba. Amvute karibu na mwili wake, apige hatua nyuma, amteremshe polepole chini huku akipinda magoti. Halafu wote wawili watulie. Hakuna kumwinua harakaharaka. Kwanza mwulize anaumwa wapi, tazama kama mguu umepinda au umekuwa mfupi, na mwambie mtaalamu aliye kwenye simu, ambaye pengine ameshaona yote.

Jambo lingine dogo linaloudhi: msaidizi anayemjibia mgonjwa. Mtaalamu anauliza, "Unaumwa kiasi gani leo?" na binti anajibu, "Hajambo, anaendelea vizuri." Mwache mzee ajibu mwenyewe, hata kama maneno yanatoka polepole. Namna anavyojibu nayo ni kipimo.

5. Siku ya kikao, pima kwanza.

Usifanye mazoezi tumbo likiwa limejaa; acha saa moja na nusu hivi baada ya mlo mkubwa. Kama umeandikiwa dawa ya maumivu, muulize mtaalamu kama uimeze nusu saa hadi saa moja kabla ya kuanza. Watu wengi huikwepa wakidhani ni ushujaa, kisha wanashindwa kukunja goti.

Keti dakika 5 bila kuzungumza, pima presha na mapigo. Simama, pima tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mwambie mtaalamu kabla hamjaanza, hata kama husikii kizunguzungu.

Kipima oksijeni kina utundu wake. Kidole baridi na rangi ya kucha hukidanganya, na kwa watu wenye ngozi nyeusi kinaweza kuonyesha namba ya juu kuliko ukweli. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari hiyo mwaka 2021. Pasha mkono joto, futa rangi, subiri namba itulie. Kama mgonjwa anahema kwa shida na kifaa kinasema 96, mwamini mgonjwa.

6. Kikao cha kwanza: tegemea maswali mengi na mazoezi machache.

Mtaalamu ataanza kwa kuuliza mahali ulipo hasa, jina la mtaa na namna ya kufika, pamoja na namba ya mtu wa pili. Si udaku. Ukizimia mbele ya kamera, yeye ndiye atakayeita gari la wagonjwa, na hawezi kulituma mahali asipopajua. Kama siku hiyo uko kwa shemeji, sema.

Atakuomba uinuke kitini, utembee, usimame miguu ikiwa karibu, ukunje na kunyoosha kiungo. Fanya kama unavyofanya siku zote. Wagonjwa wengi hujikaza mbele ya kamera kama wako kwenye usaili, wakapewa mazoezi yaliyowazidi nguvu. Uliza pia kama kikao kinarekodiwa, nani ataona, na useme nani mwingine yuko chumbani kwako.

7. Jifunze vizuri kusimama kutoka kitini.

Kama nisingeruhusiwa kufundisha zoezi zaidi ya moja, ningechagua hili. Ndilo linalokupeleka chooni bila kuita mtu.

Sogea mbele hadi uketi nusu ya kiti. Rudisha nyayo nyuma kidogo ya magoti, ziachane upana wa nyonga, visigino chini. Inama mbele kuanzia nyongani, kifua kikiwa wazi, hadi pua ipite juu ya vidole vya miguu. Hapo makalio yataanza kuwa mepesi yenyewe. Sukuma sakafu kwa miguu yote miwili, simama wima, vuta pumzi moja kabla ya kufanya chochote. Kurudi: rudi nyuma hadi uhisi ukingo wa kiti kwenye ndama za miguu, sogeza nyonga nyuma, shuka ukihesabu moja, mbili, tatu. Usijitupe. Kushuka polepole ndiko kunakojenga paja.

Nyonga mpya au mguu usioruhusiwa kubeba uzito una namna yake tofauti kidogo: mguu huo unatangulizwa mbele kabla ya kuinuka, na kuinama hupunguzwa. Mtaalamu akuonyeshe kwanza.

Anayeshindwa aongezewe kimo kwa mto mgumu juu ya kiti, na atumie mikono ya kiti. Kosa la kawaida ni kushika fremu ya kutembelea na kujivuta nayo, fremu itakuangukia. Sukuma kiti, kisha ukishasimama ndipo ushike fremu.

Mara moja kwa wiki, mtaalamu akiruhusu, hesabu unasimama kikamilifu mara ngapi kwa sekunde 30, mikono imekunjwa kifuani. Andika namba. Ikipanda, huhitaji mtu akwambie unapata nafuu.

8. Pima ugumu kwa namba.

Kwenye simu mtaalamu hawezi kushika misuli yako wala kuhisi jasho, hivyo atakutegemea wewe. Kipimo kinachotumika sana ni cha 0 hadi 10, kilichotokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Borg: 0 ni kama umekaa tu, 10 ni mwisho wa nguvu zako. Wengi wanaotoka hospitali huanzia kati ya 2 na 4. Kwa lugha nyepesi, uweze kusema sentensi kamili bila kukatika, ila kuimba ushindwe.

Maumivu nayo yapewe namba, kabla, wakati wa zoezi, na asubuhi ya pili yake. Misuli kuvuta na kuuma kidogo ni kawaida. Maumivu yaliyopanda na hayajarudi yalipokuwa baada ya saa mbili, au kiungo kilichoamka kesho yake kimevimba zaidi, maana yake mlizidisha. Punguza idadi kwa nusu, lakini usiache kabisa.

9. Fanya kazi kati ya vikao.

Kikao cha dakika 30 mara mbili kwa wiki ni ukaguzi tu. Mwili hubadilishwa na siku zile nyingine. Gawa mazoezi vipande vifupi, dakika 5 hadi 10 mara tatu au nne kwa siku, uyafunge kwenye mambo unayoyafanya hata hivyo: baada ya kunawa uso, baada ya dawa ya mchana, kabla ya taarifa ya habari.

Katika daftari andika tarehe, zoezi, mara ngapi, ugumu, maumivu na vipimo. Siku uliyoruka, andika umeruka na kwa nini. Daftari lililojaa alama za vema kwa siku zote saba humpa mtaalamu shaka kuliko lenye mapengo.

10. Ongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Ukiongeza idadi, usipunguze kimo cha kiti siku hiyo hiyo. Ukiacha kushika ukuta, rudi kwenye idadi ndogo. Hivyo ukiumia mnajua kilichosababisha. Na usiongeze kwa sababu jirani aliyepasuliwa wiki moja na wewe ameshaanza kupanda ngazi.

Makosa kwa aina ya ugonjwa

Goti lililopasuliwa: mto chini ya goti unastarehesha, na ndiyo maana ni mtego. Goti linalolala limekunjwa husahau kunyooka. Weka taulo iliyokunjwa chini ya kisigino, goti lining'inie linyooke lenyewe.

Nyonga mpya: kama daktari alipitia nyuma, kwa kawaida utakatazwa kukunja nyonga kupita pembe ya 90, kukunja nne na kugeuzia mguu ndani. Kumbuka hili hata ukiangusha kalamu katikati ya kikao.

Kifua kilichofunguliwa kwa upasuaji wa moyo: mfupa wa kifua huchukua takribani wiki 6 hadi 12 kuunga. Usijisukume kwa mikono kutoka kitini, usibebe kizito zaidi ya ulichoruhusiwa, na ukikohoa kumbatia mto.

Mapafu: toa pumzi wakati wa kazi ngumu, midomo imebanwa kama unapuliza mshumaa bila kuuzima, kutoa kuwe kurefu mara mbili ya kuvuta. Kubana pumzi unaposimama ni kosa ambalo hata wasio wagonjwa hulifanya.

Kiharusi: usiuache mkono uliopooza ukining'inia pembeni, uwe juu ya paja au mto, mgonjwa auone. Kama usemi umeathirika, mtaalamu na msaidizi watumie sentensi fupi, moja kwa wakati, na wasubiri.

Fimbo, kwa wote: hushikwa mkono ulio upande wa mguu mzima. Kimo chake kifike kwenye mkunjo wa kiganja ukiwa umevaa viatu na mkono umelegea. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mbovu hutangulia kushuka.

Acha zoezi na uombe msaada wa dharura

- Maumivu au kubanwa kifua, hasa yakienda mkononi au tayani.
- Kuhema ghafla ambako hakutulii ukipumzika, au kukohoa damu.
- Uso kupinda, mkono kuishiwa nguvu, maneno kuburuzika. Angalia saa, kwani hospitali itauliza dalili zilianza saa ngapi.
- Kuzimia, au mapigo ya moyo kwenda ovyo.
- Oksijeni kushuka chini ya kiwango ulichoandikiwa na isipande baada ya kupumzika. Kwa wengi chini ya 90 ni hatari. Wenye ugonjwa sugu wa mapafu huweza kuwekewa kiwango cha chini zaidi.

Mpigie daktari siku hiyo hiyo ikiwa ndama ya mguu mmoja imevimba, ina joto na inauma, kwani damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa. Baada ya upasuaji wa nyonga au goti hatari hiyo huendelea wiki kadhaa. Usiisugue wala kuikanda. Mshono unaotoa usaha au wekundu unaotambaa pamoja na homa nao hausubiri kikao kijacho. Ukipiga picha ya kidonda, piga penye mwanga wa kutosha na umtumie mtaalamu peke yake, si kundi la ukoo.

Mambo yakikwama

*Picha inaganda.* Zima video upande wa mtaalamu, yako ibaki. Kukuona wewe ndiko muhimu. Sogea karibu na kifaa cha intaneti, waombe wengine nyumbani waache kupakua kwa nusu saa. Ikishindikana kabisa, jirekodi sekunde 30 za kila zoezi ukiwa ubavu, umtumie, kisha mzungumze kwa simu ya sauti. Usifanye zoezi jipya la kusawazisha mwili wakati picha inakatika.

*Leo hakuna mtu nyumbani.* Sema mwanzoni. Mtaalamu atabadilisha mazoezi yawe ya kukaa na kulala. Kuficha ili kikao kisiahirishwe ni hatari.

*Mgonjwa hataki.* Mara nyingi "sitaki" ina sababu: anaogopa kuanguka, hakulala kwa maumivu, au anaona haya kuonekana na kaptura na mtu asiyemjua. Uliza ni ipi kati ya hizo. Mpe kuchagua zoezi la kuanza nalo, na mkubaliane dakika 5 tu. Kama anakataa pia chakula na mazungumzo kwa siku kadhaa, mwambie daktari. Huzuni baada ya kiharusi au kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi ni ya kawaida na inatibika.

*Siku ya mazoezi yuko sawa, kesho yake hajiwezi kabisa.* Hili huwapata baadhi ya waliougua maambukizi makali, ikiwemo Covid-19. Uchovu wa namna hiyo haushindwi kwa kujikaza, ukilazimisha unazidi. Andika alifanya nini na alianguka nguvu saa ngapi, kisha mtaalamu apunguze mzigo na kupanga mapumziko kati ya kazi za siku, zikiwemo kuoga na kupokea wageni.

*Anafanya vizuri kwenye simu, akikata anarudi kuburuza mguu.* Rekodi kwa siri iliyoruhusiwa: mwambie kwamba siku fulani utampiga video akienda chooni, bila kumtajia saa. Mtaalamu akiona mwendo wa kweli, atajua kama tatizo ni nguvu, maumivu au haraka.

*Wiki tatu zimepita na namba hazisogei.* Peleka daftari, sio malalamiko. Kama mazoezi yamefanywa kweli na zile mara za kusimama kwa sekunde 30 bado ni zile zile, au goti bado halinyooki, omba kuonwa ana kwa ana. Kuna ugumu wa kiungo, misuli iliyokaza na kovu lililoshika ambavyo haviwezi kutambuliwa bila mtu kuweka mkono, na mtaalamu mzuri wa simu atakuwa wa kwanza kukwambia hivyo.